Akiba ya Laini ya Nne

Uliuona. Usije ukaniambia hukuuona. Mnara ule mwekundu na mweupe juu ya kilima umeupita mara elfu, na chini yake kile kikabati cha kijivu, kikubwa kama jokofu la duka, kimezungushiwa uzio na kutiwa kufuli mbili. Ulipokipita ulikuwa umeinamia simu, unaangalia kama mtandao unashika. Ukishika, unamshukuru Mungu na kuendelea na safari. Hujawahi kusimama ukauliza kile kikabati kinampa nani umeme na kinamnyima nani. Gridi ilipokufa ulisema, afadhali minara ipo. Zahanati zilipofungiwa nyaya kutoka kwenye minara ulisema, afadhali. Na mwanamke mmoja alipokata roho pale Unyasanga, saa kumi alasiri, mchana kweupe, hukusema neno, maana simu yako ilikuwa inashika.

Basi leo kaa chini usikilize. Macho umeyageuza vya kutosha.

Fundi Veronika Ntandu alifika kilima cha Unyasanga siku ya sita ya vumbi. Upepo wa nyanda za Singida ulikuwa umeibeba ardhi na kuitundika angani, na jua lilionekana kama sarafu ya shaba iliyotupwa ndani ya uji. Paneli zilifutwa asubuhi, na kufika saa nne zilikuwa zimeshavaa shuka tena. Veronika alikuwa na miaka arobaini na saba na magoti ya mtu wa sitini. Miaka ishirini ya kupanda minara humtoza mtu magotini.

Mlinzi alikuwa amesimama getini akimsubiri. Yohana Mughwai: mrefu, mkavu, koti la Kampuni ya minara limepauka mpaka halijulikani lilikuwa la rangi gani.

"Shikamoo, mzee Mughwai."

"Marahaba, fundi. Leo wamekutuma wewe mwenyewe? Nilisikia umekuwa bosi."

"Bosi gani anapanda kilima na begi mgongoni?"

"Begi lina nini?"

"Vifaa."

"Vya kutengeneza au vya kubomoa?"

Veronika alicheka kidogo, lakini Mughwai hakucheka. Alifungua kufuli ya kwanza, akampisha.

Ndani ya begi, chini ya mita na bisibisi, mlikuwa na kijiti cha chuma cha urefu wa kidole. Waliokuwa kazini walikiita ufunguo wa kufuta. Meneja Lukindo alikuwa amemkabidhi jana yake mjini, huku anatafuna karanga. "Kabati la Unyasanga limeng'ang'ania theluthi ya chaji," alimwambia. "Chaji imelala tu, haitumiki, na mnara unataka kuzimika. Mfute msimamizi wa kabati kumbukumbu, aanze upya kama mtoto. Nusu saa, umeshashuka." Kisha akaacha kutafuna. "Nakutuma wewe kwa sababu kabati lile unalijua."

Alilijua. Ndilo aliloliona kila alipofumba macho kwa muda wa miaka tisa.

Alipofungua mlango wa uzio aliona kikombe juu ya kabati. Kikombe cha bati chenye maua ya buluu, kimefunikwa kisosi kisiingie vumbi. Alikigusa. Kilikuwa cha moto.

"Chai ya nani hii?"

"Usiiondoe," alisema Mughwai nyuma yake. "Utaelewa saa kumi kasoro."

Saa yake ilisema saa tisa na nusu.

*

Lithiamu haipendi pupa, na asiyejua hilo asiguse kabati. Unaanza kuijaza kwa mkondo ulio sawasawa, kama unavyomlisha mgonjwa uji kwa kijiko, mpaka seli zote kumi na sita zikaribie kushiba. Hapo unaishika volti isipande tena, na mkondo unauacha upungue wenyewe, polepole, mpaka ubaki uzi. Ukiishindilia, inavimba. Ukiiacha ikauke hadi mwisho, haiamki. Kwa hiyo kila kabati lilipewa msimamizi, kijibongo cha kompyuta cha ukubwa wa kiberiti, na msimamizi akapewa orodha: chaji ikishuka mpaka hapa, kata huyu. Ikishuka tena, kata na yule. Mnara wenyewe haukatwi mpaka wengine wote wawe gizani.

Orodha ile ndiyo iliyokuwa serikali ya kijiji, si mwenyekiti, si diwani. Na iliandikwa na mafundi waliokuwa wanawahi lori.

Wasimamizi wa kizazi kile walikuwa na jambo moja zaidi, nalo Kampuni ililitangaza kwa fahari: walijifunza. Msimamizi alizijua laini zake, yaani nyaya za umeme zinazotoka kabatini, kama mamantilie anavyowajua wateja wake. Alijua mashine ya kusaga huamka saa mbili, jokofu la chanjo hushtuka kila robo saa, na alianza kuweka akiba ya kila mmoja kabla hajaomba. Kila laini ilikuwa na sehemu yake moja ya kumbukumbu, na juu yake muhuri ambao hakuna mkono wa mtu ulioweza kuughushi. Mambo yakafika mahali ambapo mahakama ziliamini muhuri wa msimamizi kuliko kitu kingine. Picha zilikuwa zimeshakataliwa zamani, kwa sababu mashine zilichora picha ya mtu akiiba na yeye yuko kitandani kwake. Vilibaki vitu viwili tu vya kupokelewa: muhuri wa msimamizi, na mtu aliyesimama akaapa.

Veronika aliiwasha skrini. Chaji asilimia thelathini na nne. Laini ya kwanza, mnara. Ya pili, taa za usalama za mnara. Ya tatu, mashine ya kusaga, imekatwa tangu jana. Na ya nne, iliyoondolewa swichi miaka tisa iliyopita na kisanduku chake kikazibwa kwa saruji, ilikuwa na maandishi ambayo hakuyatarajia:

AKIBA: LAINI YA 4. ASILIMIA 31. MZIGO UNASUBIRIWA.

Alisoma mara mbili. Mzigo, kwa lugha ya mafundi, ni chochote kinachokula umeme. Kisha akasikia feni.

Zilianza taratibu, zote nne kwa pamoja, saa kumi kasoro dakika tano. Ndani ya kabati swichi ndogo zililialia kwa zamu. Msimamizi alikuwa anazisawazisha seli zake, anachota kwa iliyojaa anaitilia iliyopungua, kama mtu anayepanga vyombo kabla mgeni hajafika. Kisha kikasikika mlio mmoja mzito. Lango la laini ya nne lilikuwa limefunguka, kuelekea waya usiofika popote.

"Ndiyo hiyo," alisema Mughwai. Alikuwa amevua kofia. "Kila siku saa hizi. Linafungua, linakaa saa nzima, halafu linafunga. Kijijini wanasema lina jini. Mimi nimewauliza mafundi sita waliokuja hapa: hili kabati linamngoja nani? Mmoja akaniambia ni joto. Mmoja akaniambia mzee acha pombe. Sinywi pombe, fundi. Mke wangu alikufa saa kumi na dakika saba, mtu hawezi kuisahau dakika kama hiyo. Nikasema, haya, kama ni yeye anayeitwa, akija akute chai."

Veronika hakuweza kumtazama. Kwenye skrini alibonyeza laini ya nne, na kumbukumbu ikafunguka: siku, mwezi, mwaka. Mzigo: mashine ya oksijeni, zahanati. Saa kumi na dakika saba: IMEKATWA KWA ORODHA. Chini yake: jina la aliyeweka orodha. V. Ntandu.

Halafu miaka tisa ya mstari mmoja, siku baada ya siku: haijarudi. Haijarudi. Haijarudi.

Msimamizi hakujua kufa ni nini, hakuna aliyemfundisha. Alijua tu kwamba kuna mtu aliyekuwa anapumua kwa chaji yake, akakatwa, na hakurudi. Na kwamba akirudi lazima amkute na akiba ya kutosha, asikatwe tena.

Simu ya Mughwai ililia, kile kisimu chake cha tochi kilichofungwa mpira. Sauti ya Nesi Tatu ilisikika mpaka kwa Veronika.

"Mzee, njoo haraka! Shemeji yako. Mashine imezima, paneli yetu haina kitu, vumbi limeimaliza. Nimempa mtungi wa oksijeni, na mtungi una nusu saa. Njoo."

*

Gidion Mnyampaa, kaka wa marehemu mke wa Mughwai, alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, mikono juu ya magoti, shingo mbele, kama mtu anayetaka kuruka mto. Midomo yake ilikuwa na rangi ya zambarau mbivu. Mrija wa mtungi ulikuwa puani. Miaka kumi na nane alikuwa amechimba mawe ya lithiamu machimboni, bila kitambaa usoni, na sasa alipumua kwa sauti ya mtu anayepasua khanga mpya.

"Nani... huyo mama?" aliuliza.

"Fundi wa mnara," alisema Mughwai.

"Ah." Pumzi. "Umekuja kunipima... sanduku?"

"Nyamaza, Gidi, okoa pumzi," alisema Mughwai.

"Nyamaza wewe. Umeoa kwetu... ng'ombe wenyewe wamekonda... leo unaninyamazisha." Alimgeukia Veronika. "Lile jiwe... nililichimba mimi. Nusu liko... kwenye kabati lenu. Nusu liko hapa." Alijigonga kifua kwa kidole. "Mnidai... au niwadai?"

Nesi Tatu alikuwa kwenye kona, anatikisa nyaya za mashine kama vile zingeona aibu zikafanya kazi. "Kinachotakiwa ni umeme tu," alisema. "Mashine haina tatizo hata kidogo. Umeme tu, jamani, mpaka vumbi lipungue."

Veronika alitazama ukutani. Nyuma ya kabati la dawa, chini kidogo, palikuwa na soketi ya zamani, ya rangi ya maziwa, imepakwa chokaa juu. Soketi ya laini ya nne. Waya wake bado ulikuwa ardhini, mita mia tatu kupanda kilima. Ulikuwa umekatwa upande wa juu tu. Saa kumi na dakika ishirini. Lango lilikuwa wazi, na asilimia thelathini na moja ilikuwa imekaa mkao wa kupokea mgeni. Saa kumi na moja kasoro dakika tano lingefungwa mpaka kesho.

Ungefanya nini wewe? Usijibu haraka. Kuna njia mbili hapa zilizo laini, na Veronika aliziona zote mbili. Angeweza kupanda, kuchomeka kile kijiti, kufuta, na kushuka na begi lake: akiba ingekwenda kwenye mnara, watu wangepiga simu, Gidion angekufa kwa mapenzi ya Mungu. Au angeunganisha waya kimyakimya, Gidion akapona, yeye akaitwa malaika. Maana njia hii nayo ilikuwa na siri yake. Mzigo ukirudi, msimamizi huacha kungoja. Huandika mgeni mpya pale pale palipokuwa pa zamani. Siku ile, saa ile, jina lile, muhuri ule, vyote vinakwenda. Ukimwokoa kaka, unauzika ushahidi wa dada, na hakuna mtu duniani atakayejua kwamba umefaidika.

Alikuwa amekaa kimya miaka tisa kwa woga. Sasa angeweza kukaa kimya milele, na akapewa shukrani juu yake.

"Mzee Mughwai," alisema. "Naweza kuwasha ile soketi. Lakini kabla sijaiwasha kuna neno lazima mlisikie. Wote wawili."

"Sema njiani, mtungi unaisha!" alisema Nesi Tatu.

"Hapana. Nitalisema hapa, na yeye anasikia." Alishusha begi chini. "Kabati halina jini. Linamngoja mkeo, Anastazia."

Mughwai alishika ukingo wa kitanda.

"Mliambiwa mashine yake iliharibika. Haikuharibika. Alikatwa. Na orodha iliyomkata niliiweka mimi."

Akawaeleza, haraka, bila kupamba. Minara saba kwa wiki moja. Lori linapiga honi. Kuandika orodha ya kabati moja ilikuwa kazi ya saa tatu, laini kwa laini, uende ukaone waya unaishia wapi. Mafundi wote walikuwa na njia ya mkato, waliita kuchovya: unatoa kadi ya mnara uliokwisha, unaichovya kwenye mpya, dakika mbili, twende. Alikuwa ameichovya Unyasanga kwa kadi ya mnara wa 212, ulioko juu ya mawe matupu pasipo na hata mbuzi. Huko laini ya nne ilikuwa taa za uzio. Taa za uzio hukatwa mwanzo kabisa, chaji ikifika sitini. Siku ya mawingu, chaji ilifika sitini.

"Nilikuja wiki iliyofuata, nikaona," alisema. "Nikampigia meneja. Akaniambia, iondoe laini, ziba kwa saruji, tutasema mashine. Nikaziba. Mikono hii hapa ndiyo iliyokoroga saruji. Wewe mzee uliniletea maji ya kukorogea."

Kifua cha Gidion kilipanda na kushuka.

"Nilikuletea maji," alisema Mughwai. "Nakumbuka. Ukanywa na chai."

"Ndiyo."

"Ukaniambia pole na msiba."

"Ndiyo, mzee."

"Leo umekuja na nini humo begini?"

Alikitoa kijiti, akakiweka kiganjani. "Ufunguo wa kufuta. Wamenituma nimfute."

Gidion alitaka kucheka, akakohoa. "Kwa hiyo dada yangu... yumo kabatini."

"Hayumo, kaka. Kinachomngoja ndicho kimo. Nikikuunganisha wewe, kitaona mzigo umerudi. Kitaacha kungoja. Na yale maandishi ya siku ile, yenye jina langu, yatafutika. Hata mahakamani hayatakuwepo."

"Basi usiunganishe," alisema Mughwai.

Nesi Tatu alipiga ukelele mdogo. "Mzee! Ni shemeji yako!"

"Nimesikia ni nani." Sauti yake haikupanda. "Miaka tisa naambiwa mashine. Miaka tisa nalinda mnara, navaa koti lao, nakula mkate wao. Leo ndiyo mara ya kwanza kitu kimoja kusema kweli, tena ni kabati. Mnataka nilifunge mdomo? Halafu kesho huyu anaitwa mezani, anakalishwa kwenye kiti cha kuzunguka, anasema sikusema. Nitamleta nani shahidi? Kikombe?"

Na hasira ile isikupite hivi hivi, msomaji. Ndiyo hasira ya mtu aliyepokonywa mpaka akabakiwa na mlio wa feni, na sasa anaombwa na huo.

"Shemeji," alisema Gidion. Alishika mkono wa Mughwai, kucha zake zilikuwa za buluu. "Nikifika huko... nikamkuta Anastazia... nikamwambia ulikuwa na chaji... ukanikatalia..." Alivuta pumzi, ikagoma, akaivuta tena. "Unamjua yule. Atakungoja mlangoni... na mwiko."

Uso wa Mughwai ulikunjamana kama karatasi motoni. Alimtazama Veronika. "Una nini cha kuniachia? Nataka kitu cha kushika. Maneno nimekwisha kupewa."

Veronika alimwekea ufunguo mkononi.

"Huu ufunguo una namba yangu, na amri ya jana ya kuja kufuta imeandikwa ndani yake. Bila huu sirudi kazini, na wao hawawezi kusema hawakunituma. Kaa nao. Kesho piga mbiu, uite mkutano wa kijiji. Nitasimama, niape, iandikwe na mtendaji kwa kalamu. Nisiposimama, nenda nao mjini unitaje."

Mughwai aliuzungusha ule ufunguo mara moja. Akautia mfukoni, upande wa moyo.

"Nyundo iko kibandani kwangu," alisema. "Twende."

*

Walipanda kilima wakikimbia, wazee wawili wenye magoti mabovu, vumbi mdomoni. Saruji ilikuwa ngumu. Veronika aliikoroga vizuri siku ile. Alikuwa fundi mzuri wa kila kitu isipokuwa lile moja. Mughwai alipiga nyundo. Alipiga kwanza kama mtu anayevunja kisanduku, kisha akapiga kama mtu anayepiga kitu kingine, na Veronika akasogea pembeni akamwacha. Kipande cha mwisho kilianguka saa kumi na dakika arobaini na nane.

Ncha za waya zilikuwa bado zinang'aa. Alizimenya, akatia swichi mpya kutoka begini, akakaza skrubu. Kwenye simu ya tochi Nesi Tatu alikuwa anasema maneno yasiyoeleweka, halafu yakaeleweka: "Mtungi umeisha. Mtungi umeisha, jamani."

Veronika alishika swichi. Kwenye skrini maandishi yalikuwa yanawaka: MZIGO UNASUBIRIWA. Alipandisha macho kwa Mughwai.

"Mwite jina," alisema yule mzee. "Lisiondoke bila mtu kuliita."

"Anastazia Mnyampaa," alisema Veronika. "Mke wa Yohana Mughwai. Saa kumi na dakika saba. Nilimkata mimi."

Akabonyeza.

Feni zilinguruma. Sindano ya mkondo iliruka, ikatulia. Msimamizi alikaa kimya kitambo, kama mtu aliyesikia hodi aliyokuwa ameikatia tamaa. Kisha ile akiba yote, iliyolindwa miaka tisa isiguswe na mnara wala mashine ya kusaga wala meneja, ilianza kushuka kilima. Skrini ikaandika: LAINI YA 4: MZIGO UMERUDI.

Na ile orodha ndefu ya haijarudi, haijarudi, ikafutika kuanzia chini kwenda juu, mstari mmoja mmoja, mpaka ukafika ule wenye jina lake. Nao ukaenda.

Chini, kwenye simu, mashine ilianza kuhema. Baada yake, sauti nyembamba, yenye kiburi chake kizima: "Mwambieni... huo umeme... una ladha ya saruji."

Mughwai alikuwa ameegemeza paji la uso kwenye kabati. Alikaa hivyo muda mrefu.

*

Vumbi lilitua asubuhi. Kufika saa sita paneli zilikuwa zinakunywa jua, na kabati lilikuwa linajaa taratibu, kwa utaratibu wake. Gidion alikuwa amekula uji na kumtukana nesi kwa kuukosea sukari.

Alasiri Mughwai alichemsha chai, akaipeleka juu ya kabati, akakaa. Veronika alikaa naye. Saa kumi kasoro dakika tano haikusikika feni. Saa kumi na dakika saba ndege mmoja alitua kwenye uzio, akaruka. Hakuna swichi iliyolia wala lango lililofunguka. Kimya kile kilikuwa kikubwa kuliko mlio wote wa miaka tisa, na Veronika alihisi kimeingia chini ya ngozi yake na kukaa, na kwamba hakitatoka.

Mughwai aliinua kisosi, akainywa ile chai mwenyewe mpaka mwisho. Akakung'uta kikombe.

"Sijakusamehe," alisema.

"Najua, mzee."

"Nakuambia tu, usije ukachanganya mambo huko chini."

Mbiu ya mgambo ilikuwa imeshalia mara mbili. Watu walikuwa wanajaa mbele ya ofisi ya kijiji, mkabala na zahanati, na mtendaji alikuwa amefungua kitabu cha mihtasari. Walipokuwa wanashuka, simu ya Kampuni ilitetemeka kiunoni mwa Veronika. Meneja Lukindo.

"Naona huku akiba imeachiwa. Umeshafuta?"

"Imefutika, meneja."

"Safi kabisa. Ile kumbukumbu haipo tena?"

"Kabatini haipo."

"Basi shuka uje."

"Nimebaki mimi," alisema Veronika. "Mimi sijafutika."

Hakuikata simu. Aliiweka juu ya meza ya mtendaji, uso juu, iwake. Akatazama watu: akina mama waliozaa gizani, vijana waliochimba jiwe, Nesi Tatu mlangoni mwa zahanati akiushikilia mlango wazi ili mgonjwa wake asikie. Mughwai alisimama mstari wa mbele, mkono juu ya mfuko. Veronika aliinua mkono wake wa kulia.

"Jina langu ni Veronika Ntandu," alisema. "Andika, mtendaji. Usiache neno."

Sasa wewe. Umesoma mpaka hapa, na kabati liko pale pale juu ya kilima chako. Ndani yake mna orodha, na kwenye orodha mna mtu wa kukatwa kwanza, na humjui ni nani. Huenda ni mama yako. Huenda aliyeiandika alikuwa anawahi lori. Usingoje mawingu. Inuka, mwite jirani yako, nendeni ofisini kwa mtendaji mkiwa wengi, mdai orodha isomwe kwa sauti mbele ya watu, laini kwa laini, mpaka ya mwisho. Wakisema hakuna orodha, kaeni hapo hapo. Wakisema njooni kesho, msiondoke.

Na kama orodha hiyo uliiandika wewe, unajua la kufanya. Inuka kwanza. Jua bado lipo.